Kamba ya Kuanikia Noti

Vijana wangu, kabla hamjasoma zaidi, toeni noti mliyo nayo mfukoni muitazame. Sina haja ya kujua ni ya pauni ngapi. Nataka kujua iko katika hali gani. Imekunjwa mara nne? Imeandikwa namba ya simu ya mtu? Ina tundu la stepla, ina mafuta ya mandazi, inanuka samaki? Basi naifahamu noti hiyo, na ninyi nawafahamu pia, maana nimekaa dirisha la tatu la benki moja hapa Juba mpaka nywele zikageuka rangi, na hakuna aina ya noti iliyochoka ambayo haijapita katika vidole hivi.

Naitwa Mama Keji. Wazazi wangu walinikimbizia Kenya nikiwa mgongoni, nikakulia Kitale, nikasoma huko, kisha nikarudi nyumbani na cheti cha biashara na maringo mengi. Sasa nimestaafu. Walinipa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu, nami nikadhani nimemalizana na habari za noti. Lakini wiki iliyopita sokoni Malakia kulitokea jambo lililonifurahisha hadi nikashindwa kukaa nalo peke yangu, ndiyo maana naandika. Nitawafikisha huko. Mnivumilie tu, kwa sababu mstaafu akianza habari za kazi hana breki.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, ili msije mkadhani nilizaliwa najua. Mkuu wa chumba cha fedha alikuwa Bwana Kilonzo, Mkamba wa Machakos, mtu mfupi, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Wiki yangu ya kwanza alinipa rundo la noti zilizojikunja kama majani ya chai, akaniambia nizinyooshe na kuzipanga. Akaondoka. Mimi nikaona hii kazi ya mikono itanimalizia siku. Chumba cha nyuma kulikuwa na pasi ya umeme ya kunyooshea sare zetu. Nikaichomeka.

Noti ya kwanza ilinyooka vizuri sana, nikajisifu. Ya pili ikaanza kunuka. Ya tatu ule uzi unaong'aa ndani yake ukajikunyata, na ukingo ukawa rangi ya kahawa. Bwana Kilonzo aliporudi aliitazama, akanitazama, akasema taratibu, "Mama Keji, hapa si kwa dobi." Niliilipa noti ile kutoka mshahara wangu wa kwanza. Kisha akanifundisha njia yake: unaifungua noti kwa vidole viwili, kona moja baada ya nyingine, unailaza juu ya wenzake, uso upande mmoja, halafu unaweka kitu kizito juu na kuiacha ijinyooshe yenyewe. Haraka haraka haina baraka, na noti inalijua hilo kuliko mtu.

Akaniambia pia neno ambalo nimelirudia kwa kila mtu niliyemfundisha kazi. Alisema noti haina mwenyewe, ina mlinzi tu. Leo mlinzi ni wewe, kesho ni mwenye duka, keshokutwa ni mgonjwa anayetafuta dawa. Ukiichana wewe, atakayekataliwa dukani ni yule mgonjwa.

Sasa nawaambieni Jumatatu zetu zilivyokuwa. Jumatatu ni siku ya noti za harusi. Mnajua wenyewe harusi zetu: shangazi wa bwana harusi anainuka, anacheza mpaka kwa mwimbaji, anailamba noti na kumbandika nayo kwenye paji la uso lenye jasho. Mwimbaji anatikisa kichwa, noti inaanguka, wageni wanaikanyaga kwa viatu na mavumbi. Jumatatu ile noti inanijia mimi, na mimi sikualikwa hata soda. Sisemi msitunze. Tunzeni, lakini wekeni kikapu mbele ya mwimbaji, mtu atie noti yake huku anacheza. Shangazi yangu mwenyewe alipoambiwa hivyo alisema kikapu hakina raha. Nikamwambia aje Jumatatu anuse.

Jumanne ni noti za sadaka. Mtu anasokota noti yake mpaka inakuwa punje, ili jirani asijue ni ndogo, na mzee wa kanisa anakaa mchana kutwa anafungua punje. Mungu ameshaona kiasi chako ndugu yangu, unamficha nani? Wengine wanaandika. Kuna kijana aliyeandika kwenye noti kwamba anampenda msichana aitwaye Nyoka, na namba yake ya simu chini. Noti ile ilirudi dirishani kwangu mara tatu. Mara ya tatu mwenzangu wa dirisha la pili akapiga ile namba kumwambia kijana aache kuchafua pesa, na kijana akauliza kama yeye ndiye Nyoka.

Sarafu nazo zina misiba yao. Siku hizi hamzioni, na mimi najua baadhi ziliishia wapi, kwa sababu fundi mmoja wa boda kule Gurei aliitoboa moja katikati akaifunga kwenye gurudumu la baiskeli yangu kama washa, kile kibati cha kukazia nati. Nilipomuuliza akasema inashika vizuri. Kusema kweli ilishika vizuri, lakini nilimfanya aitoe.

Haya. Sasa tufike kwa Mama Poni, maana yote niliyosema hapo juu ni kusafisha koo.

Kanisani kwetu Hai Malakal kuna utaratibu mzuri. Baada ya ibada, mchungaji humwita mtu mmoja mwenye kazi yake, awape watu dakika tano za elimu. Muuguzi anasema habari za malaria, fundi wa umeme anasema habari za nyaya. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa mvua, wakati maji yalikuwa yameanza kuingia majumbani, wakaniita mimi wa benki. Nilivaa viatu vya visigino. Nilisimama mbele ya watu nikasema kwamba adui wa noti ni maji, na asiyeweza kufika benki basi azifunge pesa zake ndani ya nailoni, azifunge kabisa hata hewa isipite, azitie kwenye kopo, afunge na kopo. Watu wakapiga makofi. Niliketi nikijiona mimi ndiye mimi.

Mama Poni alikuwa ameketi benchi la tatu. Alikuwa mjane, muuza samaki wa Malakia, na kila alichokipata alikuwa akimwekea binti yake Poni, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Hakuwa na akaunti. Alisema foleni zetu ni ndefu na fomu zetu zina maswali mengi kuliko polisi.

Mvua zilipokwisha, Jumanne moja asubuhi, akaja dirishani kwangu amebeba kopo la maziwa. Akaliweka mezani na kulifungua. Ndani kulikuwa na nailoni, na ndani ya nailoni hamkuwa na noti. Mlikuwa na tofali. Noti zote zilikuwa zimegandamana kitu kimoja, kijivu pembeni, kijani katikati, kuvu tupu, na harufu yake ikawarudisha nyuma watu wawili kwenye foleni. Ijumaa saa sita mchana ndio ulikuwa mwisho wa kumlipia Poni ada ya kuandikishwa. Asiyelipa nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Mama Poni aliinama karibu na kioo akasema kwa sauti ya chini, "Mama Keji, gurus yangu, pesa yangu yote, iko hapa. Mimi nafanya vile wewe nasema kanisani."

Vijana, niliganda mimi pia kama zile noti. Maana pale pale nikaelewa. Muuza samaki anapokea pesa kwa mikono yenye maji ya samaki, kutoka kwa wateja wenye mikono ya maji ya samaki. Kila jioni alikuwa akizichukua noti mbichi na kuzifunga kabisa hata hewa isipite, kama alivyoambiwa na mwalimu mwenye visigino. Mimi niliwaambia wafunge. Sikuwaambia wakaushe kwanza. Ndiyo, nusu ya elimu, na nusu ile niliyoiacha ndiyo iliyokuwa na maana kwake.

Kelele za waliokuwa kwenye foleni zilimleta Bwana Kilonzo. Alilitazama tofali, akamuuliza mama kwa upole ni nani aliyemshauri kuweka pesa namna hii. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mama Poni akanitazama. Kisha akamgeukia mkuu wangu akasema, "Hakuna mtu. Ni akili yangu tu."

Na mimi nikanyamaza. Nimeyaandika maneno hayo na bado yananiuma. Mwanamke asiyejua kuandika jina lake alinisitiri mbele ya mkuu wangu, nami nikakubali kusitiriwa. Kijana wa dirisha la kwanza akacheka, akasema watu wa soko hawafundishiki, na hata hapo sikufungua mdomo.

Bwana Kilonzo hakucheka. Aliagiza beseni la maji safi, kitambaa cheupe, na kutoka kwenye droo yake akatoa kijiti cha mwanzi, chembamba, alichokichonga na kukisugua mwenyewe mpaka kikawa laini. Shikeni somo hili, maana siku moja litawafaa. Noti zilizogandamana hazibanduliwi kwa nguvu, wala kwa kisu, wala kwa ukucha. Unazilaza ndani ya maji mpaka zilegee. Ukiona kona imeanza kuinuka yenyewe, hapo ndipo unaingiza kijiti, kutoka konani, kamwe si kutoka katikati, na unakisukuma kidogo huku unapumua polepole. Ikikataa, unairudisha majini. Ikikubali, unailaza juu ya kitambaa kivulini, si juani, maana jua huifanya ikauke kwa kujikunja na kukatika.

Akanipa kazi ile mimi. Hakusema kwa nini. Mama Poni alikaa kwenye kiti upande wa pili wa kioo ili aone pesa zake kwa macho yake, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa, mwenye mali awepo. Jumanne kutwa nilibandua zile za juu tu. Zilitoka nzima, moja moja, na kila ilipotoka moja Mama Poni aliguna kidogo kama mtu anayeokota mtoto. Jumatano tuliingia katikati, na katikati ndipo kulikuwa na balaa. Noti zilitoka vipande.

Hapa pana jambo jingine. Noti iliyochanika ina namba pande zote mbili, na zile namba lazima zilingane. Ukiunga kipande cha noti hii na kipande cha noti ile, hata kama vinakaa vizuri, umefanya wizi, na haijalishi kwamba ulikuwa na huruma. Tulilinganisha namba kwa namba, kipande kwa kipande, mpaka macho yakawa yanaona tarakimu hata kwenye ukuta. Kanuni tuliyoifuata ilikuwa hii: ikibaki zaidi ya nusu na namba ikasomeka, tunaipokea na kutoa nzima. Chini ya hapo, hakuna.

Alhamisi asubuhi Mama Poni aliniletea samaki wa kukaanga ndani ya bakuli, akasema nakonda. Hapo nikashindwa. Nikaacha kijiti, nikaenda mlangoni kwa Bwana Kilonzo, nikamwambia kwamba yule mama hakutumia akili yake, alitumia yangu. Nilimweleza habari ya kanisani yote, pamoja na makofi. Nilingoja anifukuze.

Alivua miwani akaifuta. "Sasa umeanza kazi," alisema. "Lakini neno ulilolitoa kanisani huwezi kulirekebishia hapa dirishani. Rudi ulikolitoa."

Nilirudi kwenye beseni nikiwa mwepesi, mikono yangu ikaenda vizuri kuliko siku mbili zote zilizotangulia. Ijumaa saa nne tukawa tumemaliza. Noti zilizokuwa na kuvu, vipande vilivyolingana, zote zikapita, na Mama Poni akapewa noti safi mahali pake. Zote isipokuwa moja. Hiyo ilibaki kipande kidogo kuliko nusu, sehemu yake nyingine iliyeyuka tu, na kwa bahati mbaya ada ya Poni ilikuwa imepungua kwa noti hiyo hiyo moja. Niliiweka ndani ya vidole nikaigeuza mara kumi, labda itakua. Nikamtazama Bwana Kilonzo. Alitikisa kichwa. Sheria ya dirishani ni sheria ya dirishani, alisema, akivunjiwa mmoja kesho foleni itafika mtoni.

Kisha akaongeza, kana kwamba anasema habari za hali ya hewa, kwamba nje ya mlango mimi si wa benki, ni jirani tu.

Nilitoka mbio, na vile visigino. Nilimkuta Mama Poni kwenye ngazi, amekumbatia bahasha, anahesabu tena kama vile hesabu inaweza kubadilika. Niliingiza mkono mahali ambapo sisi wanawake tunaweka pesa, nikamtolea noti yangu. Ilikuwa imekunjwa mara nane na ina jasho. Mimi, mwalimu. Aliifungua kona kwa kona, kama alivyoniona nikifanya siku zile zote, akaipapasa juu ya paja lake mpaka ikalala. Nikamwambia malesh, nisamehe, ile elimu ilikuwa nusu. Akasema boda inangoja, tutaongea Jumapili.

Poni alilipiwa ada saa sita kasoro. Nilipata habari kwa simu, nikapiga kelele ndani ya benki mpaka askari wa mlangoni akainuka.

Jumapili niliomba zile dakika tano tena. Nilikwenda na kandambili. Nikasimama mbele ya watu wale wale nikasema kwamba niliwaambia vibaya, na mtu mmoja kati yao karibu apoteze nafasi ya mtoto wake kwa kunisikiliza mimi. Nikasema: kausheni kwanza. Kausheni mikono kabla ya kushika, kausheni noti kabla ya kuweka, na msizifunge hewa isipite, maana unyevu uliofungiwa ndani ni mbaya kuliko mvua ya nje. Na mnaoweza, njoeni benki, fomu nitawajazia mimi. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini baada ya ibada waliuliza maswali mpaka mchungaji akafunga madirisha.

Niliwahi kudhani hapo ndipo hadithi ilipoishia. Nilimjazia Mama Poni fomu, akawa na akaunti. Bwana Kilonzo alistaafu akarudi Machakos, akaniachia kile kijiti. Mashine za kuhesabu zikaja, zikawa zinatema noti zilizokunjwa kama mtoto anayekataa dawa, na vijana wakaniita niwanyooshee. Sasa mnatumiana pesa kwa simu, na mnaniambia noti zinakwisha. Sawa. Lakini mwenye boda akikufikisha nyumbani na mtandao umelala, mnamtafuta nani?

Basi wiki iliyopita nikaenda Malakia kununua samaki. Nilikuwa sijafika upande ule tangu nistaafu, magoti yananisumbua. Nilipokaribia vibanda vya wauza samaki nikasimama. Kila kibanda kilikuwa na kamba imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, juu, kivulini. Juu ya kamba kulikuwa na vibanio vya nguo. Na kwenye vibanio zilikuwa zinaning'inia noti. Noti, vijana wangu, zimeanikwa kama soksi, kibanda hadi kibanda, na chini ya kila kamba kuna ndoo ya maji na kitambaa cha kukaushia mikono. Watu wanapita chini yake na hakuna anayeinua mkono kuchukua. Nilimuuliza msichana mmoja hii ni desturi ya wapi. Akanishangaa, akasema ni ya hapa, tangu zamani.

Mama Poni alikuwa kwenye kibanda chake, amenenepa, amependeza. Poni ni muuguzi siku hizi, aliniambia kabla ya salamu, anafanya kazi zamu mbili. Mwisho kabisa wa kamba yake, peke yake kwenye kibanio chekundu, kulikuwa na kipande kidogo cha noti cha kijivu. Sikuhitaji kuuliza. Kilikuwa kile kisichofika nusu, tulichomrudishia dirishani.

Nilichagua samaki. Kwa furaha ile sikufikiri, nikaingiza mkono mahali pale pale pa zamani, nikamtolea noti iliyokunjwa, ina jasho la safari nzima kutoka Hai Malakal. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akanitazama mimi. Akaifungua kona kwa kona, akaibana kwenye kamba, akakaa.

"Ngoja ikauke," alisema. "Ndio nakupa samaki."

Nyuma yangu kulikuwa na wateja wawili, na hakuna aliyenihurumia. Mmoja akanisogezea benchi akasema mama mkubwa, kaa tu, hapa ndivyo ilivyo. Nilikaa. Miaka yote ile niliwapangisha watu foleni upande wa pili wa kioo, na sasa nilikuwa kwenye foleni mimi, natazama noti yangu ikicheza na upepo, na sijui kama nimewahi kungoja kitu kwa furaha namna ile.